Dengu Isiyo na N

Nyuma ya bweni la wasichana kulikuwa na jabali, na juu ya jabali hilo ndipo mtandao ulipopatikana. Ukisimama kuutazama mlima Hanang unapata vijiti viwili. Ukigeukia barabara ya Singida unapata kimoja. Ukikaa chini upumzike kama binadamu wengine, hupati kitu. Kwa hiyo kwa miaka miwili kazi yangu ya pili niliifanya nimesimama, kompyuta ndogo nimeipakata mkono wa kushoto, modemu inaning'inia, upepo unahangaika na sketi yangu, na wasichana wa kidato cha kwanza wanachungulia dirishani wakiulizana Madam anaongea na nani.

Walikata shauri kwamba nina mchumba. Sikuwakatalia. Mchumba ni jambo linaloeleweka haraka.

Kazi ya kwanza ilikuwa kufundisha Kiingereza na Baiolojia. Mimi ni Mkamba wa Kitui, Kenya, na miaka ile shule za binafsi zilikuwa zinachipuka kila mahali Tanzania, kila moja ikitaka mwalimu Mkenya wa Kiingereza, hata kama Kiingereza chenyewe anakijua nusu. Yetu ilikuwa nje kidogo ya Katesh. Mkoa wa Manyara, uliomegwa kutoka Arusha, ulikuwa bado mgeni masikioni. Wazee waliendelea kusema "sisi watu wa Arusha", na ofisini kulikuwa na rimu tele za karatasi zenye anwani ya zamani ambazo mkuu wa shule alikataa katakata zisitupwe. Tulifanyia mitihani nyuma yake.

Kazi ya pili ilikuwa ya kampuni moja ya Nairobi iliyokuwa ikituma ushauri kwa wakulima kwa ujumbe wa simu. Wataalamu waliandika kwa Kiingereza, mimi nikatafsiri kwa Kiswahili, kipande kwa kipande. Sharti lilikuwa moja: ujumbe usizidi herufi mia moja na sitini, nafasi zikiwemo. Hapo ndipo penye kichekesho. Mhariri wangu, dada mmoja mchapakazi wa Nairobi, hakuwa anasoma Kiswahili changu. Alikuwa anakihesabu. Nikituma ujumbe wa herufi mia sitini na mbili ananirudishia na wino mwekundu. Nikituma wa mia hamsini na tisa anasema "kazi safi", hata kama nimeandika upuuzi. Nililijua hilo tangu mwanzo, na nililiona jambo la kunifaa.

Sikuwa na utulivu, niseme ukweli. Darasani nikifundisha usanisinuru nawaza ujumbe wa viwavi. Juu ya jabali nikitafsiri viwavi nawaza madaftari sitini hayajasahihishwa. Nikienda likizo Kitui, ndugu zangu wananicheka: "Huyu amekuwa Mtanzania, eti 'naomba chai'!" Nikirudi Katesh nikisahau nikasema "nipe chai", mwenye mgahawa ananitazama kana kwamba nimemtukana. Nilikuwa naishi na begi halijafunguliwa vizuri, nguo nusu kabatini nusu humo.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, Mmbulu, mkulima, mtu wa miaka hamsini na kitu. Siku ya kwanza nilimkuta anafagia uwanja. Nikamwambia kwa furaha, "Habari yako, mama!" Akaacha kufagia. Akanitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Nzuri," akasema. Kisha akauliza, "Huko kwenu hakuna wakubwa?"

Nikajibu kwamba wapo, wengi tu. Akaendelea kufagia. Ni mwalimu mwenzangu, wa kutoka Songea, aliyenieleza jioni ile kwamba nimemsalimia mtu anayeweza kunizaa kama ninayemsalimia kondakta. Kwetu shikamoo tuliisoma kitabuni, tukaiacha huko huko kitabuni. Kesho yake asubuhi nikatoka mapema, nikamngoja mlangoni, nikainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba!" Uso wake ukafunguka. "Kumbe unafundishika."

Toka siku hiyo neno lile likawa kifungua kinywa changu. Chumba changu na chake vilitenganishwa na ukuta mmoja wa matofali ya kuchoma. Nikikohoa usingizini, asubuhi ananipa pole. Nikichelewa kusema shikamoo, ananisemea mwenyewe: "Leo Madam ameamka Mkenya."

Yule mama alikuwa na shamba bondeni, upande wa kwenda Balangdalalu, udongo mweusi ule unaokamata kiatu na kukataa kukirudisha. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba makubwa ya ngano ya serikali. Mashamba yalipofungwa, matrekta yakabaki na kutu, na yeye akarudi kwenye ardhi ya baba yake. Kisha akafariki. Mdogo wake, ambaye alikaa Getanuwas na ng'ombe wengi kuliko majani, akaanza kusema mwanamke peke yake hawezi shamba la bondeni, bora liwe malisho. Maneno yakafika kwa wazee wa ukoo. Wazee wakakata shauri hivi: mvua hizi zikiisha tutakuja kuangalia. Tukikuta mazao, shamba ni lake. Tukikuta majani, ni la ng'ombe.

Alinieleza hayo huku anachambua maharage, sauti haipandi wala haishuki.

"Sasa utapanda nini, mama?"

"Hapo ndipo pananiumiza kichwa. Mahindi kule yanasimama ndani ya maji mpaka yanakuwa njano. Maharage ndiyo usiseme. Watu wa kule wanapanda dengu. Malori ya wanunuzi yanazifuata mpaka shambani siku hizi. Lakini mimi dengu sijawahi."

Nami, jamani, nikachangamka. Maana wiki ile ile kampuni ilikuwa imeamua kuvuka mpaka na kuanza kutuma ujumbe Tanzania, na mimi ndiye mtafsiri wao niliyekuwa huku huku. Nilishaandikisha simu yake ya tochi awe msomaji wangu wa kwanza. Na orodha niliyoletewa ilikuwa na ujumbe kuhusu ndengu.

Ndengu! Kwa mtu wa Kitui hizo si mazao, ni ukoo. Zile punje ndogo za kijani, ndizo mama yangu alizonisomeshea. Nimezipanda, nimezipalilia, nimezipiga kwa fimbo kwenye turubai, nimezila na chapati mpaka nikazichukia, nikazipenda tena. Ujumbe wa Kiingereza ulisema zipandwe mvua za kwanza zikishika. Kweli kabisa, kwetu ukichelewa umekosa. Nikaandika "ndengu". Halafu nikakumbuka kwamba sokoni Katesh husema "dengu". Nikacheka peke yangu juu ya jabali: hawa Watanzania wameimeza N ya mwanzo! Nikaifuta. Herufi moja ikapungua, mhariri akafurahi.

Sikuuliza. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Nilikuwa na soko mwendo wa dakika ishirini, na kila Ijumaa mpishi wa shule alitupikia ndengu za nazi ambazo yeye aliziita choroko, nami nikadhani choroko ni jina la mchuzi.

Ujumbe ukatoka: "Mvua za kwanza zikishika, panda dengu. Usisubiri. Dengu hupenda mvua ya mwanzo."

Mama alikuja na simu mkononi, miwani puani. "Madam, huyu ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Hapa unasema tupande mvua ikianza. Wenzetu kule wanapanda mvua ikiisha."

Kuuliza si ujinga, na yeye aliuliza. Nami nikamjibu hivi, nakumbuka neno kwa neno: "Mama, mimi nimezaliwa ndani ya dengu. Ndizo zilizonisomesha. Wewe panda."

Nikamwona anapiga hesabu za miezi kwa vidole. Zikipandwa sasa, wazee wakija mvua zikiisha watakuta zimekomaa. Zikisubiri, wazee watakuta shamba tupu. Akavua miwani. "Basi Mungu amekuleta," akasema. Loo, nilivyovimba kichwa!

Akapanda. Mimi nilikuwa nasimamia mitihani ya nusu muhula, sikwenda. Majirani wa shamba wakamcheka: dengu na mvua hizi, mama umerogwa? Naye akawajibu, "Simu imesema." Jumapili moja baada ya ibada, shemeji yake alikuja pale nyumbani, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akasema kwa upole, "Shemeji, utaozesha mbegu bure." Nikadakia. Mimi, mgeni, mpangaji, nimeshika kikombe cha chai cha watu!

"Baba, dunia inakwenda mbele. Watu wengine wanapenda shamba lishindwe ili walishe."

Yule bwana akanitazama, akamalizia chai yake, akaaga. Mama aliniongezea maziwa.

Nilikwenda shambani baada ya wiki tano, Jumamosi, kusaidia palizi. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo na wingu limekaa juu ya Hanang halitaki kuondoka. Tulivua viatu. Mama akanionyesha kwa kidole, na sauti yake ilikuwa na wasiwasi anaojaribu kuuficha. "Angalia basi wewe mwenye kuzijua. Mbona zinakuwa njano?"

Nikaangalia. Mistari mizuri, imenyooka. Na katika mistari ile, mmea ambao sijawahi kuuona maishani mwangu. Ndengu ina majani matatu mapana kama ya kunde. Hii ilikuwa na vijani vidogo vidogo vimepangwa pande mbili za kijiti, vina manyoya yanayonata. Nikagusa kimoja, nikalamba kidole. Kichachu. Nikang'oa mche mmoja, mzizi ukatoka mweusi, umelainika. Chini yake kulikuwa na mbegu ambayo haikuota, kubwa, ya rangi ya mchanga, ina mdomo kama wa ndege.

"Mama," nikasema, "hizi ni nini?"

"Si dengu?"

Nikaigeuza ile mbegu kiganjani. "Na zile ndogo za kijani? Za mchuzi?"

"Zile choroko." Akanitazama. "Kwa nini?"

Ningesema pale pale. Mdomo niliufungua. Yakatoka haya: "Hakuna kitu, mama. Ni maji tu yamezidi. Tuchimbe mifereji." Tukachimba mifereji mpaka mgongo ukakataa, mimi nikichimba kwa nguvu za mtu anayezika ushahidi.

Siku zile sikuzipenda. Asubuhi nasema shikamoo, ananiitikia marahaba, nami najiona mwizi anayeshukuriwa. Darasani nilimtukana mwanafunzi kwa kosa la kuchanganya chavua na chavuo, kisha nikatoka nje nikalia nyuma ya choo. Nikapanda jabali, nikampigia mhariri. Nikamweleza: huku dengu ni mmea mwingine kabisa, hupandwa mvua zikiisha, ukipandwa na mvua unaoza, na tumewatumia watu wa mkoa mzima.

"Lakini si ni lafudhi tu?" akasema. "N ipo, N haipo."

"Dada, si N! Ni mbegu tofauti!"

Akasema ataliweka kwenye ripoti ya mwisho wa msimu, maana wafadhili wako ofisini wiki hii na si wakati mzuri wa kuomba radhi. Akanikumbusha kwamba ujumbe wa palizi ya mahindi umechelewa.

Nikasimama pale na upepo. Mshika mbili moja humponyoka, husema wahenga, lakini mimi siku ile niliona zote mbili zimenishika. Nikafungua ukurasa wa palizi ya mahindi. Mahali pa tafsiri nikaandika: "Samahani wakulima. Tulisema dengu ipandwe mvua zikianza. Si kweli. Hiyo ni choroko. Dengu hupandwa mvua zikiisha. Kosa ni la mwandishi." Nikahesabu. Mia moja thelathini na tano. Nikatuma. Baada ya muda mfupi likaja jibu kutoka Nairobi: kazi safi.

Nilishuka jabali nimepata nafuu. Nimekuwa jasiri, nikajiambia. Nimesema kweli mbele ya mkoa mzima. Nikaenda kufundisha vipindi vyangu viwili vya mchana huku naimba moyoni. Haikunijia hata kidogo kwamba katika mkoa mzima kulikuwa na simu moja iliyokaa nyuma ya ukuta wangu.

Nilimkuta amekaa kwenye ngazi, simu mapajani. Hakuwa anachambua kitu wala kushona kitu. Sikuwahi kuiona mikono yake mitupu kabla ya hapo.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Aliinua simu akaisoma kwa sauti, polepole, kama mtoto wa darasa la pili, mpaka mwisho. "Kosa ni la mwandishi." Akaiweka chini.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ya palizi."

"Siku kumi." Akaitikia kwa kichwa. "Mimi na wewe tunatenganishwa na tofali moja. Ukikohoa nasikia. Na wewe umeniandikia kwenye simu, pamoja na watu wa Mbulu na wa Bashanet, wakulima nisiowajua. Mimi ni mkulima wa kumtumia samahani, Madam? Mimi?"

Nikapiga magoti, kweli, kwenye kokoto. Nikasema niliogopa. Nikasema na mengine ambayo siyakumbuki. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Inuka, utachana soksi," akasema. "Kukosea, kila mtu anakosea. Mume wangu aliwahi kulima kimakosa ekari mbili za shamba la jirani kwa trekta ya serikali. Lakini alikwenda kwake alfajiri, akagonga mlango, akasema." Akasimama, akajikung'uta sketi. "Ile shikamoo yako nimeisikia. Siitupi. Naiweka. Dengu zikitoka shambani kwenda guniani, nitaitikia."

Nilifikiri ni hasira za siku hiyo. Wapi! Kesho yake asubuhi nikamwambia shikamoo, akajibu, "Chai ipo kwenye chupa." Keshokutwa, "Leo kuna baridi." Alinipa chakula, alinipa pole nikikohoa, alinitania. Neno lile moja tu akalifungia. Kwa mtu ambaye hajaishi kule itaonekana jambo dogo. Lakini wewe jaribu kumwamkia mtu mzima kila siku, na kila siku salamu yako ibaki inaelea hewani kati yenu, hujui uichukue au uiache.

Nairobi nao waligundua baada ya wiki, mkulima mmoja alipopiga simu kushukuru kwa kuombwa radhi. Mhariri alinitumia barua pepe fupi ya kunisimamisha kazi. Sikumlaumu, huenda naye alikuwa na mtu wa kumwogopa. Njia mbili zilimshinda fisi, na mimi nikabaki na moja. Wasichana wa bwenini walipoona sipandi tena jabalini, wakanihurumia: Madam ameachwa.

Wazee walikuja mvua zikiwa bado hazijaisha, maana shemeji mtu alikuwa amewaambia hakuna haja ya kungoja. Watatu, viatu vya mpira miguuni, mmoja na mwavuli wa maua aliouazima kwa mkewe. Tulisimama ndani ya shamba lenyewe. Kwa kweli hapakuwa na cha kuficha: nusu ya miche ilikuwa imelala, nusu inafikiria kulala. Sikuwa nimealikwa. Niliomba ruhusa shuleni nikaja, nikawaamkia mmoja mmoja, na wao wakaniitikia marahaba. Mama aligeuza uso kidogo, nadhani alitaka kucheka.

Shemeji mtu alisema vizuri, bila matusi. Alionyesha miche. Alisema yeye alionya. Kisha akaniashiria kwa kidevu: "Na huyu mgeni akaniambia dunia inakwenda mbele."

Nikasema ni kweli, nilisema hivyo, na ninamwomba radhi mbele ya wazee. Nikaeleza: kwetu Kitui kuna kitu kinaitwa ndengu, na huku kuna kitu kinaitwa dengu, na mimi nikadhani ni kitu kimoja. Mama aliuliza, mimi nikamjibu kwa kiburi. Shamba halijamshinda yeye. Limenishinda mimi.

Mzee wa mwavuli akauliza, "Yaani mwalimu umefuta N, shamba likaoza?"

"Ndiyo, baba."

Wakaangua kicheko, hata shemeji mtu. Nami nikacheka huku machozi yananitoka, hasira na aibu pamoja. Kicheko kilipotulia, shemeji akamgeukia mama, akamwuliza kwa ukali kidogo, "Sasa shemeji, wewe mtu mzima, kwa nini ulimsikiliza mgeni?"

Mama alikuwa anafuta matope kwenye jembe kwa kidole gumba. Hakuinua kichwa.

"Kwa sababu aliniuliza nitapanda nini. Tangu kaka yako afe, mmekuja hapa mara nne kuniuliza nitaondoka lini."

Mzee wa mwavuli akakohoa. Walikwenda pembeni, wakazungumza Kimbulu kwa muda mrefu, mimi sikupata hata neno, zaidi ya "choroko" moja iliyorushwa katikati. Waliporudi walisema hivi: udongo huu ni wa dengu, kila mtu anajua, na wakati wa dengu haujafika. Apande mvua zikiisha. Watarudi wakati wa kuvuna. Zikikataa tena, hakuna neno la simu wala la mgeni, ng'ombe wanaingia.

Tuling'oa ile miche yote mimi na yeye, Jumamosi tatu. Mbegu mpya niliitafuta mwenyewe, safari hii nikauliza. Nilimwuliza kila mama aliyekuwa na fungu sokoni, hii ni nini, inapandwa lini, mpaka wakaanza kunikimbia. Mvua ilipoacha, ardhi ikiwa bado imelowa chini na imeanza kupasuka juu, tukapanda. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi nilipewa jembe zito kuliko yote ya nyumba ile. Kila asubuhi tulipokuwa tunatoka nilisema shikamoo, naye akajibu, "Twende."

Zilianza kuota. Zilikuwa na urefu wa kidole mkataba wangu ulipoisha, na shule haikuuongeza. Walikuwa wamempata Mganda. Nilifunga lile begi ambalo halikuwahi kufunguliwa vizuri. Nilimwandikia mama namba yangu ya Kenya kwenye karatasi ya mtihani, upande wa nyuma wa anwani ya Arusha. Basi lilipokuwa linangoja abiria pale Katesh, vumbi la wajenzi wa barabara limetufunika, nikamwambia shikamoo kwa mara ya mwisho. Akaniwekea mfuko wa karanga mapajani kupitia dirishani.

"Safari njema," akasema. Basi likaondoka.

Niliishi Kitui miezi ile bila kutulia hata kidogo. Nikisikia mvua nje ya msimu naamka. Niliandika ujumbe mara nyingi: mama habari za huko, mama dengu zinaendeleaje. Nikaufuta kila mara, maana nilikwishamwandikia kwenye simu mara moja, na nilijua alivyoupokea. Nilingoja.

Siku moja mchana, Agosti, nilikuwa nimekaa na mama yangu mzazi kibarazani tunapepeta ndengu, zile za kwetu, za kijani. Simu ikalia ndani ya mfuko wa aproni. Namba ya Tanzania. Mikono ilikuwa na makapi, nikaifuta kwenye nguo, nikaogopa kufungua, nikafungua.

Lilikuwa neno moja. Nilizihesabu herufi zake, mazoea hayo hayaponi. Zilikuwa nane.

"Marahaba."

Mama yangu akaniuliza nalia nini na ungo umenimwagikia. Nikamwambia dengu zimetoka. Akatazama ndengu zilizotapakaa sakafuni, akasema, naona.